Gari limeshiba, bwana harusi kakwama

Leo naomba mniruhusu niongelee matairi. Najua, najua. Mlikuwa mnasubiri mwisho wa kile kisa cha dada wa Kinondoni mwenye simu mbili. Kitakuja tu, dada mwenyewe bado hajaamua. Lakini juzi nilikuwa kituo cha mafuta nikamsikia kijana mmoja, miwani ya jua usoni na ni saa 2 usiku, anamwambia fundi wa upepo: "Jaza mpaka liwe jiwe, kesho naingia porini." Fundi akajaza. Nikatamani kumshika mkono yule kijana, nimkalishe chini, nimnunulie soda, nimpe kisa changu cha Tarime. Nikaona haya. Basi nakupa wewe.

Ilikuwa Februari 2019. Mshikaji wangu mmoja, tumesoma wote, kwao Tarime, alikuwa anapeleka mahari. Binti mwenyewe ni wa ng'ambo ya Mto Mara, kijiji fulani huko wilaya ya Serengeti, ukishaipita Mugumu. Sasa kwa Wakurya mahari si bahasha ya kupenyeza chini ya sahani ya pilau. Mahari ni ng'ombe, na ng'ombe huhesabiwa mchana kweupe mbele ya wazee, mmoja mmoja, huyu ana pembe, huyu anachechemea, huyu mrudishe. Ng'ombe wenyewe walishatangulia na vijana. Kilichobaki ni watu: mshikaji, baba yake mdogo, shangazi yake, mshenga, na mimi dereva.

Na hiyo ilikuwa mara ya tatu kupanga safari hiyo. Ya kwanza iliingiliwa na msiba. Ya pili mshikaji alichemsha, idadi ya ng'ombe haikutimia. Baba wa binti akamwita mshenga akamwambia taratibu, bila kufoka, jambo ambalo lilitutisha kuliko kufoka: Jumamosi hiyo, jua likiwa utosini, kama hawajafika wachukue mifugo yao warudi nayo. Isitoshe kulikuwa na tetesi kwamba jamaa mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Musoma alikuwa anapitapita pale nyumbani na zawadi za sukari. Mshikaji alikuwa halali. Usiku wa Ijumaa aliniamsha saa 9 kuniuliza kama gari lina mafuta.

Gari lilikuwa Prado ya shemeji yangu wa Mwanza, mume wa dada. Shemeji alinikabidhi ufunguo kama mtu anayemkabidhi mlevi mtoto mchanga. Mimi kwa kujidai, jioni ile ile nikalipeleka kwa fundi pancha pale Tarime mjini. Akaniuliza, "Niweke ngapi, bosi?" Nikamjibu bila kumeza mate: "Arobaini na tano." Mantiki yangu ilikuwa hii: njia mbaya, mzigo mkubwa, kwa hiyo tairi gumu. Kwenye magari mengi ukifungua mlango wa dereva utakuta kibandiko kinachoeleza upepo unaotakiwa. Kwenye lile Prado kilisema 29. Nilikuwa nimelitumia gari lile siku nne na sikuwa nimekiona. Nani anasoma vibandiko?

Tuliondoka saa 12 asubuhi. Asiyeijua Tarime anadhani Mara yote ni jua na vumbi. Aka! Kule juu kuna baridi, migomba, kahawa, mahindi yamesimama hadi ukingoni mwa njia. Tukapita Nyamwaga, tukapita Nyamongo kwenye dhahabu, malori yanatupa vumbi la kutosha kujengea nyumba. Mpaka hapo gari lilikuwa linaruka kama mbuzi. Kila jiwe tulilisikia mgongoni. Shangazi aligonga kichwa kwenye paa mara mbili, ya tatu akavua kilemba akakifanya mto. "Mwanangu," akaniuliza, "hili gari halina springi?" Nikamwambia ndivyo magari makubwa yalivyo. Uongo mtupu. Springi zilikuwepo, ila tairi nalo ni springi, na mimi nililigeuza gogo.

Tukavuka Mto Mara tukaingia wilaya ya Serengeti, tukapita Mugumu mapema tu, watu wanatabasamu. Hapo ndipo mshenga akakumbuka njia ya mkato.

Msomaji, mtu akikwambia kuna njia ya mkato na umevaa suti, mkatalie. Njia ya mkato ilikatiza korongo. Korongo lenyewe halikuwa na maji, ni mchanga tu mweupe, msafi, wa kuvutia, upana kama uwanja wa mpira ukiukata kwa ubavu. Nikaweka gia ya kuvuta miguu yote minne, nikaingia kwa kishindo. Katikati, gari likapunguza mwendo lenyewe kama punda aliyekumbuka kwao. Nikakanyaga mafuta. Wote ndani wakapiga kelele, "Kanyaga!" Nikazidi kukanyaga. Matairi yakazunguka, mchanga ukaruka, gari likakaa. Halikwenda mbele wala nyuma, likawa linashuka chini tu.

Saa 4 asubuhi hiyo. Tukafanya kila ambacho watu wa mjini hufanya: tukashuka, tukaliangalia, tukalaumiana. Tukavunja matawi tukayaweka chini ya matairi, yakarushwa nyuma yakampata baba mdogo kwenye ugoko. Tukasukuma. Mshikaji alivua koti, akavua tai, baada ya dakika 20 alikuwa kavua na viatu, suruali kaikunja magotini, jasho linamtiririka, huku anaangalia saa. Sikuwahi kumwona mtu mzima anakaribia kulia kwa sababu ya mchanga.

Ndipo akatokea mzee mmoja anaswaga mbuzi, kofia ya pama kichwani. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba, akalizunguka gari kimya kimya, akaligonga tairi kwa fimbo yake. Likalia ngo! kama mlango wa chuma.

"Mura," akaniambia, "gari lako limeshiba mno."

"Shikamoo tena mzee, limeshiba nini?"

"Upepo. Aliyeshiba hivi hapiti kwenye mchanga."

Kabla sijafungua mdomo, mzee kachuchumaa, kafungua kifuniko cha valvu, kachomeka kijiti cha kiberiti. Psssss! Nikashtuka, nikamkamata mkono. Tuko porini, kompresa hatuna, pampu hatuna, na mtu anatutoa upepo! Nikasema moyoni huyu katumwa na yule jamaa wa vifaa vya ujenzi. Mzee akanitazama tu, wala hakukasirika. Akasema aliendesha malori ya pamba kanda yote ya ziwa tangu sisi hatujazaliwa, na kama nina njia nyingine yeye ana mbuzi wake wa kuwaangalia.

Shangazi ndiye aliyeamua. "Mwache baba afanye."

Sasa ngoja nikueleze alichokuwa anafanya, maana mimi nilikuja kukielewa baadaye, nimekaa na kalamu na kikokotoo. Mwanamke akienda ufukweni Coco na mchuchumio, kisigino kinazama hatua ya kwanza. Akivua akavaa kandambili, anatembea vizuri. Uzito wake haujapungua hata gramu moja, ila sasa umesambaa. Gari ni vilevile. Lile Prado, na sisi ndani, na makreti ya soda nyuma, tuseme lilikuwa tani 2 na nusu, kwa hiyo kila tairi limebeba kama kilo 625. Ile arobaini na tano ya fundi pancha, yaani psi 45, ni sawa na kilo 3 na kidogo kwa kila sentimeta moja ya mraba. Gawanya. Unapata sehemu ya tairi inayogusa ardhi ni kama sentimeta za mraba 200, kipande cha sentimeta 14 kwa 14. Kiganja cha mkono. Gari zima limesimama juu ya viganja vinne! Ukishusha mpaka psi 18, kila kiganja kinakaribia sentimeta za mraba 500, zaidi ya mara mbili. Ni hesabu ya kukadiria, maana shavu la tairi nalo hubeba kidogo, lakini inakupa picha. Na kikubwa ni kwamba tairi halipanuki sana kwenda pembeni kama watu wanavyodhani. Linarefuka. Alama yake ardhini inakuwa ndefu, karibu kama nyayo ya mnyororo wa tingatinga. Ndiyo maana ngamia ana mguu mpana na laini na anapita jangwani huku anatafuna.

Geji mzee hakuwa nayo. Alipima kwa vidole. Kabla ya kutoa upepo aliweka mikono yake kati ya ukingo wa rimu na ardhi: vidole vinane. Akatoa, akapima, akatoa, akapima, mpaka vikabaki sita. Robo ya kimo imeondoka. Akahamia tairi la pili. Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata wataalamu wenye geji za bei mbaya hutumia kipimo hicho hicho cha robo ya kimo. Nilicheka peke yangu.

Wala si kitu kipya duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuingia 1930 kulikuwa na ofisa wa jeshi la Uingereza, Ralph Bagnold, aliyekuwa akitumia likizo zake kuzunguka jangwa la Misri na Libya kwa magari ya Ford ambayo leo usingethubutu kwenda nayo hata Chanika. Yeye na wenzake walipita kwenye mchanga ambao watu walidhani haupitiki kwa gari, na moja ya siri zao ilikuwa hiyo hiyo, kupunguza upepo. Mwaka 1940, vita vimewaka, akaanzisha kikosi cha Long Range Desert Group kikawasumbua Wataliano na Wajerumani kwa ujuzi huo. Wamarekani nao katika vita hivyo hivyo wakatoa gari la DUKW, linaloogelea baharini na kupanda ufukweni, ambalo dereva alikuwa anapunguza na kuongeza upepo wa matairi akiwa amekaa kwenye kiti chake. Warusi baadaye wakaweka mtambo wa namna hiyo kwenye malori yao ya ZIL-157. Na ndugu zetu Waswahili wa Omani watakuambia, ukifika pembezoni mwa mchanga wa Sharqiya unakuta mafundi kazi yao ni kutoa upepo wakati watu wanaingia na kuujaza wakati wanatoka. Huku kwetu hiyo kazi bado iko wazi, anayetaka biashara aichukue.

Turudi korongoni. Mzee hakuniruhusu kukanyaga mafuta. Kwanza tufukue mchanga mbele na nyuma ya kila tairi, kwa mikono, kwa sahani ya shangazi, kwa chochote. Pili, nisiende mbele, nirudi nyuma kwa njia yangu mwenyewe niliyoijia, maana pale mchanga umeshashindiliwa. Tatu, nikishapata pa kuanzia, nije na mwendo ule ule mmoja, gia nzito, usukani umenyooka, nisikanyage breki, nisibadilishe gia katikati. "Tembea kama umebeba maziwa kichwani," akasema.

Nikarudi nyuma. Gari likatoka shimoni kama halikuwahi kukwama. Nikaja mbele, kimya, pole pole, matairi yamebonyea mashavu nje kama ya mtoto mwenye pipi mdomoni. Likapita! Lilipita juu ya mchanga ule ule uliotula saa nzima. Watu walishangilia kama Taifa Stars imefunga. Shangazi alipiga vigelegele mbuzi wakatawanyika.

Mzee akatufuata mpaka ukingo wa pili. Alikataa pesa, akapokea soda mbili. Akaniambia jambo moja, na naliandika kama alivyolisema: "Sasa gari lako lina njaa. Pale njia panda kuna kijana wa pancha za bodaboda, ana pampu. Mwache alilishe. Kabla hajalilisha, usizidi mwendo wa baiskeli iliyobeba mkaa."

Tukafika njia panda. Kijana yupo, pampu ipo, ya kukanyaga kwa mguu. Saa 5 na robo. Akasema matairi manne ni kama nusu saa, labda zaidi. Mshikaji akaniangalia. Mimi nikaangalia saa. Wazee wanasubiri, jua linapanda, na gari, msomaji, gari lilikuwa tamu! Lile lile lililokuwa linaruka kama mbuzi sasa linateleza kwenye makorongo madogo kama godoro. Shangazi akasema, "Kumbe springi zipo." Nikajisemea, si tutajaza tukifika? Nikamwahidi kijana kwamba tutarudi. Nikakanyaga mafuta.

Dakika kumi nilikuwa mfalme. Ile njia ya changarawe niliitesa, 60, 70. Usukani ulikuwa mzito kidogo na unachelewa kuitikia, nikapuuza. Kuna kona ikaja upande wa kulia, ina mfereji wa gurudumu la lori. Nikakata kona. Tairi la mbele kushoto likalala ubavu, mdomo wake ukaachia rimu, upepo wote uliobaki ukatoka mara moja, puuu! Gari likavuta kuelekea kichakani, rimu inalima barabara. Tulisimama tukiwa tumeukumbatia mgunga. Hakuna aliyeumia. Kwa kweli nikikumbuka ile kona mpaka leo mikono inakufa ganzi, maana baba mdogo hakuwa amefunga mkanda.

Tairi lenye upepo mdogo halina nguvu ya kuung'ang'ania mdomo wake kwenye rimu. Upepo ndio unaoubana. Kwenye mchanga, unaenda taratibu na kona ni za mviringo mkubwa, linavumilia. Kwenye njia ngumu kwa kasi, kila mzunguko shavu linakunjwa na kukunjuliwa, linapata moto ndani, na moto huo ndio unaoliua hata kama halijavuka rimu. Lile letu shavu lilikuwa limekatika urefu wa shibiri. Tukaweka spea, ambayo kwa rehema za Mungu na uvivu wa fundi pancha haikuguswa jana yake. Matatu yaliyobaki nikayaendesha kwa mwendo wa baiskeli iliyobeba mkaa. Mbili, kama unataka ukweli.

Tulifika saa 7 kasoro. Wazee wamekaa chini ya mti, ng'ombe wetu wako pembeni, na vijana wetu walioleta ng'ombe wameshaanza kukusanya fimbo zao. Ukimya ule ulikuwa wa kukatwa na panga. Mshenga akaanza kueleza korongo, mchanga, mzee mwenye pama, akawa anajikanyaga. Baba wa binti akanyanyua mkono. Akainuka, akaja mpaka nyuma ya gari, akataka kuona hilo tairi. Tukafungua. Akaingiza vidole kwenye mpasuko, akavitoa vyeusi, akawaonyesha wenzake.

"Huyu amechelewa," akasema, "lakini amekuja na ushahidi."

Mzee mmoja akacheka, wa pili akadakia, na hapo nikajua tumepona. Hatukupona bure. Faini ya mbuzi kwa kuchelewa, halafu kwenye kuhesabu baba akawakataa madume wawili, akataka badala yake wawili waliokwisha kufundishwa plau, maana mvua ya masika ilikuwa inakuja na yeye ana shamba. Mshikaji alikubali kila kitu. Wangemwambia aongeze na Prado la shemeji angekubali.

Tairi jipya lilinigharimu laki nne na ushee. Shemeji hakusema neno. Dada alisema ya wote wawili.

Sasa ningeishia hapo ningeonekana nimejifunza. Kumbe nilikuwa nimejifunza nusu. Aprili mwaka huo huo tulirudi kumchukua bibi harusi, na safari hii nilijiandaa kama mtaalamu: geji mfukoni, pampu ya mguu kwenye buti, kibandiko cha mlangoni nimekikariri. Nikawa nawahubiria watu. Barabara ya vumbi na mawe, shusha kidogo tu, 25 hivi, gari linatulia. Mchanga, 18. Ukizama kabisa, 15, na unatembea kama unapita msikitini. Chini ya 12 unatafuta balaa. Wale wenye rimu kubwa za kung'aa na tairi jembamba kama mkanda wa suruali, nyie hamna shavu la kubonyeza, bakini lami. Na ukitoka tu kwenye ulaini, jaza. Mshikaji alikuwa ananisikiliza kwa heshima. Alikuwa hana jinsi, gari nilikuwa nalo mimi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Wakati wa kuondoka, kilometa kama mbili kutoka kwao binti, njia inashuka kwenye mbuga ya udongo mweusi. Wenyeji wa Serengeti wanaujua ule. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unanyonya maji, unavimba, unakuwa gundi. Bibi harusi, mwalimu yule, mtulivu, akatazama mbele akasema, "Shemeji, hapa sisi huwa tunasubiri jua. Mpaka saa 8 hivi panakauka juu."

Nikamwambia usijali shemeji, kuna utaalamu. Nikashuka, kijiti cha kiberiti, psssss, 18 kwenye geji, matairi yote manne, watu wananiangalia. Nikaingia.

Mita 30. Udongo ule hauna habari na kiganja chako kimepanuka au hakijapanuka. Unajaa kwenye kashata za tairi, tairi linakuwa andazi, linazunguka bila kushika kitu. Pengine kama juu pangekuwa hapajakatwakatwa, upepo mdogo ungetusaidia kuelea. Lakini trekta lilishapita pale na kuacha mifereji miwili ya kina, matairi yakaingia humo, tumbo la gari likakaa kwenye tuta la katikati. Gari likishalala kwa tumbo, toa upepo, jaza upepo, imba, ni bure, maana uzito haupo tena kwenye matairi. Na mimi kwa kushusha upepo nilikuwa nimeliteremsha tumbo hilo vidole viwili zaidi. Mahali pengine tope jepesi limefunika ardhi ngumu, hapo tairi jembamba lenye upepo wake kamili ndilo linalochimba mpaka likakanyaga pagumu. Yaani si kila ulaini ni mchanga. Halafu ile mbuga ina miiba ya migunga mirefu kama sindano za kushonea magunia, na shavu la tairi lililovimba nje ndilo linaloipokea. Siku ile tulitoka na pancha moja juu ya yote.

Bibi harusi hakusema kitu. Alivua viatu vyake vyeupe, akavifunga kwenye kanga, akashuka akarudi kwao kwa miguu kuita msaada, siku ya harusi yake. Mshikaji akamfuata mbio, tope magotini.

Saa moja baadaye nikaona wanakuja: yeye mbele, mume nyuma, halafu baba mkwe na jozi mbili za madume ya plau na mnyororo. Jozi ya kwanza nikaitambua. Shangazi pia aliitambua, akatoa kichwa dirishani.

"Si wale wetu hao?"

"Walikuwa wenu," baba mkwe akajibu, akaanza kufunga mnyororo kwenye ndoano ya gari.

Wale ng'ombe hawakuhangaika. Waliinamisha vichwa, mnyororo ukakaza, sisi tukasukuma, na Prado likatoka kwenye tope na mlio kama wa mtu anayevua buti. Walituvuta mpaka kwenye majani ya ng'ambo, wakasimama, wakaanza kula. Baba mkwe akanikagua kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaangalia matairi yaliyonywea, akauliza kama kwetu huku mjini huwa tunalipa nauli mbele au mwisho wa safari.

Nikachukua pampu. Kila tairi zilikuwa kama hatua mia mbili, nilizihesabu. Maharusi walikaa kivulini wanakula miwa, na kila nikisimama kupumua, Shangazi alikuwa anauliza kutoka dirishani, "Ngapi sasa, mwanangu?"